Kopo Lililobonyezwa Kitako

Sokoni Kadutu napima maharagwe kwa kopo la maziwa
na mbinu zote nazijua: ukisukuma kitako ndani kwa kidole gumba
kopo linajaa upesi, mnunuzi anafika kwake
chungu ndicho kinamwambia.
Kwa hiyo usidhani sijakutambua,
wewe kifungo cheupe mkononi mwa binti yangu.

Ulifika ndani ya soksi, kwenye sanduku la shemeji Cirhuza
kutoka Liège, ubavuni mwa chokoleti
(akili za watu!).
«Basi kumchomachoma vidole,» alisema kwenye simu.
Siku kumi na nne, boksi limeandikwa hivyo.
Boksi nililibusu.

Usiku wa kwanza, saa tisa, ukalia.
Hamsini na mbili, mshale unatazama chini.
Nilijikwaa kwenye beseni, nikamwinua Nsimire gizani,
maji ya sukari mdomoni, mengine shingoni,
naye ananung'unika: mama, niko muzima, niache nilale.
Nikamchoma. Mia moja thelathini na tisa.
Alikuwa ameulalia mkono. Ni hayo tu.
Alikulalia, wewe ukatangaza msiba.
Asubuhi alikuwa mia tatu na kitu,
na sukari hiyo nilimpa mimi.

Jumanne umeme hakuna, Jumatano hakuna,
simu nimeipeleka kwa kijana wa jenereta, faranga mia tano.
Inarudi, inawaka, inasema: mawasiliano yamepotea.
Yamepotea wapi? Mtoto huyu hapa,
anakula bugali na sambaza, anachora ndevu
kwenye picha za kitabu cha historia.

Na Alhamisi.
Alhamisi siku haikutoka mdomoni mwangu hadi leo.
Ngazi za mtaani kwetu ni mia na arobaini, za udongo,
mvua ilikuwa imezilamba. Alikaa ya sitini,
jasho limemlowesha kola, akaniita kwa jina la bibi yake
tuliyemzika Walungu.
Nikakutazama. Mia moja kumi na nane,
mshale umelala kama ng'ombe aliyeshiba.
Ni Mama Nankafu aliyemwona, kwa macho,
macho yasiyo na betri,
akatupa ndoo yake, akaja na Fanta.

Muuguzi ananieleza taratibu, kama mtu asiyesoma:
hakisomi damu yenyewe, kinasoma maji ya chini ya ngozi,
kinachelewa dakika kumi, kumi na tano.
Ndiyo, muuguzi. Kwenye mlima huu
dakika kumi na tano mtu ameshafika bondeni.

Vijikaratasi vya kupimia vimebaki kumi na moja.
Nilivitunza kwa sababu yako,
sasa navimaliza kwa kukuhakiki wewe.
Hesabu hii hata mteja mlevi angeikataa.

Ungekuwa mwongo kila siku ningekutupa Ruzizi.
Lakini Jumapili, kabla ya jogoo, ulilia tena
nami nikakutukana, nikavuta kitenge hadi masikioni,
nikalala pumzi tatu. Nne.
Kisha nikanyoosha mkono nikamgusa mgongo:
baridi, umelowa. Arobaini na nne.
Kidole kilisema arobaini na moja.
Zile pumzi nne bado nazihesabu
nikiwa nafunga mafundo ya mifuko.

Siku ya tisa umeanza kubanduka. Jasho, kuoga, sweta ya shule.
Nimekuzungushia plasta ya rangi ya kaki,
nimemwambia Nsimire alalie kushoto,
ananitazama kama nimemwambia aache kupumua.

Leo mteja kaniuliza: kopo lako ni la kweli, Mama?
Sikujibu. Nililigeuza juu chini mbele yake,
akapitisha kiganja kwenye kitako, akatoa pesa.
Wewe nitakugeuzaje?
Una unywele mmoja tu ndani ya nyama ya mwanangu
na huko ndani sioni.

Haya, unalia. Nakuja.
Naja na sindano, naja na sukari,
mkono huu, na mkono huu.