Pikipiki ya Kitanda Namba Tisa

Lichanda ananiuzia pikipiki akiwa amelala chali,
mguu wa kulia umening'inizwa kwa kamba
na mfuko wa mchanga wa kilo tano.
"Haina mkwaruzo, dada nesi," ananiambia.
"Aliyeanguka ni mimi. Yenyewe ilisimama."

Mimi si nesi bado. Nipo mwaka wa pili,
nina koti jeupe la kuazima
na chumba Mangamba, kwa Mama Somoe,
mbali na wodi kiasi cha kunitia umaskini:
buku kwenda, buku kurudi,
na zamu ya jioni ikiisha bei hupanda na giza.

Nimepiga hesabu nyuma ya daftari la anatomia,
kando ya mchoro wa mfupa wa paja:
nauli mara siku ishirini na sita
mara miezi kumi na minane iliyobaki.
Upande wa pili: mafuta, oili, bima, leseni,
tairi la nyuma, na dharura.
Hapo kalamu ikasita,
maana dharura ninazijua kwa majina.
Ya kitanda cha nne ilitoka Naliendele na gunia la mihogo.
Ya kitanda cha sita ilikwepa mbuzi.
Ya kumi na moja haisemi; mkewe ndiye anayejibu.

Nikampigia mama, Mkwiti.
Alikuwa shambani, simu kaibana kwa bega,
nikasikia korosho zikidondoka ndooni, ko, ko, ko.
Mnada wa tatu haujalipwa, akasema,
lakini ukilipwa, laki nane yako ipo,
nilikuwa nimeiwekea bati.
Akanyamaza. Kisha:
"Ila mwanangu, pikipiki haina mlango."
Nikamjibu, hata miguu yangu haina mlango, mama,
na saa tatu usiku pale njiapanda
wapo wasiouliza mtu anatoka zamu gani.
Ko. Ko.
Hakuniambia nisinunue.
Wala hakuniambia ninunue.

Jumamosi nikaenda kuiona, Chikongola, uani kwa dada yake.
Boksa nyekundu chini ya turubai la kuanikia mihogo,
kuku kalalia mayai ubavuni mwa gurudumu,
na kwenye madigadi ya nyuma: TUTAFIKA TU.
Nikaikagua ninavyokagua mgonjwa,
macho kwanza, halafu vidole.
Kioo cha kushoto hakipo.
Kweli haina mkwaruzo; ina pengo.
Nikaikalia. Sikuiwasha.
Mume wa dada akasema, "Inakufaa. Miguu imefika chini."
Na kweli ilifika,
na nilipokamata mishikio niliiona barabara ya Mikindani yote
bila mgongo wa mtu mbele yangu,
bila "dada, sogea kidogo,"
bila kusubiri abiria wa tatu anayenunua vocha.
Niliipenda. Lazima niseme.
Niliipenda kabla ya hesabu na baada ya hesabu,
na hapo ndipo nikaogopa.

Nikarudi kupitia sokoni, nikanunua helmeti.
Elfu thelathini na tano, baada ya kubishana hadi adhana.
Sina pikipiki. Nina kofia ya pikipiki.
Usiku naivaa nyuma ya bodaboda,
dereva mwenyewe kichwa wazi, ananicheka kwenye kioo.
Mchana nabebea humo ming'oko.
Mama Somoe ameuliza kama inaivisha maharage.

Leo asubuhi nimemshika Lichanda kifundo cha mkono,
nahesabu mapigo.
"Umeamuaje?"
Nikamwambia anyamaze, nahesabu.
Nilipofika arobaini na mbili nikapotea.
Nikaanza upya.