Kipimo

Nilipanda meli Mkoani alfajiri
na baiskeli isiyo gurudumu la mbele,
gurudumu lenyewe nimelipakata kama mtoto mwenye homa.
Baharia akauliza: imeharibika?
Nikamjibu: leo hii si baiskeli,
ni futikamba.

Tulikuwa watano, na fedha za msimu mmoja wa karafuu
zimefungwa kwenye kanga ya Mize, mafundo matatu.
Siku za kazi gari ibebe mbao, saruji, majani ya ng'ombe;
Jumapili itupeleke Ngezi, sisi na baiskeli zetu,
tukateremke njia za Makangale
tope likituruka hadi kwenye meno.

"Mumeo yuko wapi?" aliuliza Nassor, mwenye yadi,
akichungulia nyuma yangu kama ninaficha mtu.
"Yuko Vitongoji, anapara samaki."
Akacheka, akaniletea Noah,
nyeupe, inanuka marashi ya dukani.
Tukang'oa viti vya nyuma, nikaisukuma baiskeli ndani:
usukani ukakwaruza dari,
mlango ukagoma kufunga
kama mdomo uliobugia muhogo wa moto.
Na hiyo ni moja. Nne je?

Basi kirikuu, akasema.
Ndogo, tiifu, mafuta inalamba, hainywi.
Nikailaza baiskeli bodini, nikaizungushia chaki,
nikaihamisha, nikachora tena, mara tano:
zote zikaenea.
Lakini mbele viti viwili.
Baiskeli zipande gari, na sisi tupande nini?
Turudi Chake kwa miguu tukinusa moshi wetu wenyewe?

Prado niliitazama tu,
kama mtu atazamavyo harusi ya jirani asiyemwalika.
Nassor akataja bei. Nikatafuta pa kushika.

Mwisho wa yadi, imeegemea ukuta,
pikapu ya milango minne, dizeli, rangi ya majivu,
ubavuni maandishi ya Kijapani yasiyo msomaji:
huenda duka la maua, huenda la sanda.
Nikakunja buibui, nikaingia chini kwa mgongo.
Chesisi kavu. Kutu kwenye ekzosi,
ya uzee, si ya chumvi.
Nikagonga kwa funguo: ikaitika kama sufuria, si kama kopo.
Bodi fupi, kweli,
lakini tia godoro kuukuu juu ya kibao cha nyuma,
magurudumu ya mbele yaning'inie nje,
na baiskeli tano zinasimama bega kwa bega
kama maamuma safuni.

Nikafungua mafundo.
Nassor akahesabu mara mbili, kisha akanusa vidole.

Wiki ya pili ikashushwa Mkoani.
Machomane nzima ikatoka nje,
Faki akapiga honi mpaka ikapwelewa sauti.
Mama akatoka mwisho, na fimbo yake na cheti cha kliniki.
Akaweka mguu. Goti likakataa.
Akajaribu wa pili.
Hakusema neno. Akarudi barazani
akajipepea kwa cheti.

Kila kitu nilikipima Unguja.
Goti la mama sikulichukua.

Asubuhi nilikuwa bandani kwa Shaame, mchomeleaji,
na fremu ya baiskeli yangu ya kwanza,
ile ya chuma kizito, ya kijani,
niliyojifunzia nyuma ya skuli nikiwa na miaka tisa
na mama akijifanya haoni.
Shaame akaikata, akaikunja,
akaichomelea chini ya mlango. Kikanyagio.

Safari ya kwanza haikwenda Ngezi.
Ilikwenda Wete, taratibu, kwa daktari wa mifupa,
bodi tupu ikigongagonga nyuma,
na baiskeli tano zimebaki ukutani, minyororo imetiwa mafuta.

Alipokuwa anapanda, mama alisita, akatazama chini.
"Rangi hii naijua," akasema.
Akashusha mguu,
akakanyaga tena, bila haja.