Upande wa Pili wa Meza

Saa tisa na nusu mchana, na giza limeshaingia.
Treni inavuka daraja la mto Tay bila haraka,
Dundee inabaki nyuma, taa zake zimepanda kilima
kama watu waliokwenda kuchungulia kitu, hawajashuka.

Natia mkono mfukoni mwa koti. Muhula mzima umo:
risiti ya kamba za viatu, ganda la chungwa, kijiti cha kahawa,
na karatasi ya zamu iliyokunjwa mara nne.
Jina langu limekosewa. Mshamu, Catriona kaandika Mishamu,
nami nikaizoea ile "i" ya ziada
kama mgeni wa siku tatu ambaye hakuna aliyempa jembe.

Nilikuja kusomea maji:
namna yanavyokwenda bombani, namna yanavyokataa.
Jumatatu mihadhara, Jumanne maabara,
Jumatano sikumbuki, nililala
mdomo wazi juu ya daftari la Senait,
naye akanichora, mate na yote,
akaibandika picha kwenye friji
juu ya bili ya umeme, ili bili isionekane.

Jumamosi tulikwenda ukumbi wa kanisa, Hilltown.
Pavlo alibeba viazi, magunia mawili kwa mpigo,
akiulalamikia mgongo wake kwa Kiukraine.
Mimi nilipanga makopo: maharage, nyanya, samaki.
"Lebo zitazame mbele," alisema Catriona,
"mtu asigeuzegeuze kopo kama anayeomba."
Nilidhani ni usafi tu.

Mzee Geddes, wa kiwanda cha magunia kilichofungwa zamani,
alikuja kila wiki. "Napita tu," angesema,
kisha anatazama viatu vyake mpaka mfuko ujae.
Nami, mjinga mwenye aproni, siku moja nikapaza sauti:
"Karibu tena, mzee!"
Ukumbi wote ukageuka.
Wiki mbili hakuonekana.

Wiki ya kumi fedha zangu za ufadhili zikakwama.
Ofisini wakaniambia ni mfumo, mfumo,
neno lisilo na uso wa kukasirikiwa.
Siku ya nne nilikunywa chai ya rangi
nikaiita chakula cha usiku.
Pavlo akapika ile supu yao nyekundu, sufuria kubwa,
eti kakosea kipimo.
Siku tatu mfululizo alikosea kipimo.

Jumamosi sikuvaa aproni.
Nilizunguka, nikasimama upande wa pili wa meza.
Ni hatua tano, nimezihesabu,
lakini asubuhi ile meza ilikuwa imerefuka.
Nyumbani nilifunzwa: kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.
Na kupokea? Kupokea ni nini?
Hakuna aliyenimalizia.

Catriona hakuuliza. Aliujaza mfuko
kama anavyoijaza ya wote, hakuzidisha, hakupunguza
(angezidisha hata kopo moja, ningelia).
"Wiki ijayo uko kwenye viazi," akasema.
Na ulimi wangu, bila ruhusa, ukajibu:
"Nilikuwa napita tu."
Nyuma yangu mtu akacheka, kicheko chenye kikohozi ndani.
Mzee Geddes. Akanisogezea kiti kwa mguu.

Fedha ziliingia Alhamisi. Kama nimefaulu, sijui bado;
swali la tatu liliuliza maji yakizibwa yanakwenda wapi,
nikajaza kurasa mbili, nusu yake si hesabu.
Senait amekwenda kwa dada yake Glasgow, na daftari langu.
Picha iko friji. Bili tulilipa.

Sasa supu ya Pavlo imevuja. Kopo la safari alilonifungia
limelitia begi wekundu, na suruali, na kiti cha watu.
Mama mmoja ng'ambo ya njia, hatujuani,
ananinyooshea karatasi za kufutia, pakiti nzima.
Naipokea.
Mkono hautetemeki sana.