Mkuku Jangwani

Lita elfu kumi na mbili mgongoni,
na mlima hautaki taa.
Kuanzia kilomita ya arobaini, sheria ya watazamanyota:
zima za mbele, washa zile ndogo za manjano,
tambaa.

Baba aliipanda njia hii miaka ishirini na sita.
Liborio Ticona, mpeleka maji
kwa watu wanaotazama moto.
"Huwezi kuoga nyota," alizoea kusema,
"wanaoga maji yangu."

Leo usukani ni wangu. Yeye yuko kando,
kidevu kifuani, dawa ya mapafu mfukoni,
ila kwenye kona ya mawe mekundu
anagonga dashibodi kwa ukucha: simama.

Injini inapoa, tik, tik.
Juu ya nchi ambayo mvua
nimeiona mara mbili tangu nizaliwe
umelala mkuku wa merikebu,
hauna mbao, hauna mbavu, hauna bahari.

Ananionyesha tena, kana kwamba sijui.
Ule msalaba usiuamini, ni wa uongo,
umewapoteza watalii na mapadri.
Suheli ndiye yule, mweupe, hana haraka.
Vile vitone vilivyosongamana, kilimia cha kusini.
Na yule mpole kule chini, Miaplasidus,
jina nusu Kiarabu, nusu Kilatini:
maji yaliyotulia.
Hapo hucheka. Kila safari, hapo hucheka.

Darubini ya mkono ina ufa. Naona ukungu
wa kijivu, si ule wekundu wa picha zao ukutani,
na giza ndani yake, tundu la ufunguo.
Kando ya tundu, nyota mgonjwa.
Bibi wa bibi yake, mwendesha nyumbu wa machimbo ya shaba,
aliiona ikiwaka hadi ikashindana na Suheli.
Akadhani ni kiyama, akalipa madeni yote.
Ikafifia.
Pesa hazikurudi.

Ilitapika vibuyu viwili vya vumbi, na bado vinavimba.
Itapasuka, wanasema. Au ilishapasuka
na habari ingali njiani.

Baba anakohoa. Nahesabu mpaka kiishe.
Safari hii kinachukua kumi na tisa.
"Twende," anasema, "wanasubiri chai."

Nawasha zile ndogo za manjano.
Nyuma yetu maji yanapiga ukuta wa tangi,
yanarudi,
yanapiga tena.