Bei ya Mwisho

Chema chajiuza, husemwa.
Mbona basi nimeipiga picha arobaini na moja
nyuma ya nyumba, hapa Dundee, nikingoja mvua ipumue,
nimepiga goti moja zima na moja bovu
ili rimu za rangi ya shaba zitokee vizuri?

Tangazo nimeliandika kama mtu anayeandika wasia:
Celica nyeupe, ya mwaka tisini na nne.
Turbo si ile iliyotoka nayo kiwandani.
Klachi ya mashindano. Springi fupi.
Ekzosi pana, hukohoa asubuhi kisha hutulia.
Kutu kidogo chini ya mlango wa kushoto.
Sababu ya kuuza: nafasi.

Nafasi! Gereji yangu ingelaza ng'ombe wanne.
Sababu ni goti, la kushoto, la klachi,
ambalo daktari alilitazama kwenye picha
akaniuliza kama ninaishi ghorofani.

Wa kwanza kupiga simu hakusema hata hujambo.
Bei ya mwisho?
Wa pili alikuwa na pikipiki na kiboti, tubadilishane.
Wa tatu, wa Arbroath, alitaka injini peke yake,
bodi nibaki nayo,
kama mtu anayeagiza kuku mzima
ale firigisi, arudishe manyoya.

Mali bila daftari hupotea bila habari.
Daftari ninalo. Stakabadhi za miaka kumi na mitatu,
nyingine zimefifia hadi zimebaki karatasi tu.
Jumla sijawahi kuipiga.
Mwanaidi aliipiga, mara moja,
akalifunga faili polepole
akaenda kumenya viazi.

Jumamosi akaja Mairead kutoka Forfar,
fundi wa matrekta, peke yake, na bahasha.
Nilimjua kwa viganja: ule weusi wa mafuta
unaokaa kwenye mistari hata siku ya harusi.
Hakuzungumza. Alilala chali kwenye lami iliyolowa,
bila kutandika hata boksi,
akagonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akagonga tena.

"Hapa pamechomelewa."

Hilo sikuliandika.
Usiku wa mvua, barabara ya Glenshee, ukuta wa mawe,
nami nilikuwa na haraka ya kurudi mahali
ambapo hakuna aliyekuwa akiningoja.
"Nani alichomelea?"
Mimi.
"Kazi safi," akasema kutoka chini ya gari,
na papo hapo nikapunguza pauni mia mbili
ambazo hakuwa ameziomba.

Tukatoka kuijaribu. Nikakaa kiti cha abiria,
kwa mara ya kwanza tangu niinunue.
Kumbe upande huu turbo husikika ikivuta pumzi
karibu kabisa na sikio,
kama mtoto anayejiandaa kulia halafu akaghairi.
Miaka yote hiyo Mwanaidi aliisikia hivi
na hakuniambia.

Kila Mairead alipobadili gia
mguu wangu wa kushoto ulikanyaga zulia.
Gia ya pili: zulia. Ya tatu: zulia.
Goti likapiga kelele, nikatazama mto Tay
kana kwamba nilikuwa na deni nao.
Aliuona mguu. Akarudisha macho barabarani.
"Nafasi," akasema.
Wala hakuwa anauliza.

Pesa tulihesabia juu ya boneti, ingali moto.
Nikasaini. Nikampa faili, funguo mbili,
na onyo kuhusu gia ya kurudi nyuma, inayotaka kubembelezwa.
Akashuka Hilltown. Nikahesabu kwa masikio:
ya kwanza, ya pili,
kisha basi likapita juu ya sauti
na ya tatu sikuipata.

Jioni, nikitafuta dawa za maumivu,
nimekuta mfukoni mwa koti kile kifunguo
cha nati za usalama, kizito, chenye meno ya ajabu,
kisichofungua kitu chochote duniani
isipokuwa magurudumu manne yaliyokwenda Forfar.

Namba yake ninayo.
Nitampigia kesho.
Kesho ni Jumapili, watu hupumzika.
Jumatatu, basi.
Au mpaka apate pancha.