Athari Mbili na Nusu

Hail Sidra haimo kwenye ramani ya dereva wa gesi.
Huulizia kwenye mnara uliobomoka nusu,
na Muhanna humwelekeza kwa kidevu:
fuata korongo, mawe yakigeuka kijani simama,
hapo watu wa kale waliyeyusha shaba.
Mavi ya shaba yao bado yanakata viatu.

Nyumba arubaini na moja. Zenye watu, kumi na nne.
Mtaa wa juu udongo na magogo ya mitende,
mtaa wa chini saruji,
na katikati mfereji, wenyewe huuita falaji,
mkongwe kuliko msikiti, mkongwe kuliko ngome,
mkongwe kuliko vita vya miaka saba vya mbuzi mmoja
(wengine husema mwanamke; aliyeandikwa ni mbuzi).

Mimi niliingia na miaka tisa, mwaka sabini na mbili,
nimepakiwa punda mmoja na cherehani ya mama,
natoka Wete, Kiarabu changu cha kusalia tu.
Watoto wakacheka: Mwarabu gani huyu
anayesema na mbuzi Kiswahili?
Mbuzi walinielewa.

Mzee Humaid, mgawa maji,
mchana kwa kivuli cha mti aliousimika, usiku kwa nyota,
akaniuliza saa ngapi.
Jua lilikuwa limezama sasa hivi.
Saa kumi na mbili, nikasema.
Sita, akasahihisha mwalimu wa skuli mpya.
Mzee akacheka hata kilemba kikamlegea:
"Huyu wetu. Saa yake ya maji."

Huku athari ni nusu saa ya maji.
Kwetu ni kile kinachobaki jambo likishapita.
Mama aliuza bangili akanunua mbili na nusu,
saa moja na robo kila siku ya nane,
akanywesha malimau, migomba,
na mche wa mkarafuu uliosafiri ndani ya kopo la maziwa.
Mkarafuu ulikataa kabla ya Ramadhani.
Migomba ikakubali.

Kisha mwaka ule wadi ilishuka na mawe mfano wa magari.
Ikachukua mitende sabini, ukuta wa makaburi,
na daftari la maji, sanduku lake na kufuli yake.
Watu wakashikana kanzu: zamu yangu, zamu yangu.
Nikatoa madaftari yangu ya skuli.
Nilikuwa nimeyanakili yote, utotoni,
ili nijifunze majina yao:
*Bint Sulum, athari nne, alfajiri. Wakfu wa kisima, moja.*
Kwa Kiswahili. Hadi leo ndiyo hati ya kijiji,
na kadhi akija, mimi ndiye mkalimani.

Mjukuu wangu Maskati ana simu yenye saa za dunia nzima.
Bibi, maji yetu leo saa ngapi?
Saa tisa usiku, namwambia.
Kaja saa tatu, tochi mkononi, anahema.
Amewahi kwa saa sita.
Basi kaa, mwanangu, kuna kahawa.

Maji huyasikia kabla hujayaona:
yanasukuma majani makavu mbele yake.