Mswada wa Saba

Kibuye, Jumatatu, saluni ya Min Obura:
nasoma kwa sauti, kurasa ishirini,
huku wao wakisuka.
Siwaulizi kama ni nzuri. Watasema nzuri.
Natazama vidole.

Vilipotulia, ukurasa wa tatu,
Nyangweso anapouza kitanda cha marehemu,
nikatia alama.
Vilipokimbia nikajua:
hapo naongea mimi, si Nyangweso.

Mvua yangu niliyoipenda, mistari kumi na minne,
ilifutwa na mteja mmoja
aliyeomba kioo.

Nairobi walisema watapiga simu.
Hiyo ilikuwa Machi.
Nimeanza wa nane.

Jana Min Obura, chanuo mdomoni,
alinizuia mlangoni:
"Na kile kitanda,
hatimaye nani alikilalia?"